Ngiri ya mtoto njiti: Hatari haiishii kwenye meza ya upasuaji

Simu ililia jioni nikifunga kliniki. Aliyepiga ni mwanamke anayefanya kazi hapa Nairobi. Dada yake mdogo alikuwa ndani ya matatu kuelekea nyumbani, upande wa Kathonzweni, kaunti ya Makueni, akiwa amempakata mwanawe wa kiume wa miezi miwili. Mtoto alikuwa amefanyiwa upasuaji wa ngiri asubuhi iyo hiyo.

"Daktari, mtoto ananyamaza kabisa, midomo inabadilika rangi, halafu akitikiswa ndipo anavuta pumzi," aliniambia.

Nilimwagiza amwambie dada yake ashuke kwenye hospitali ya kwanza watakayofikia. Alishuka. Mtoto alipewa oksijeni, akalala chini ya macho ya wauguzi usiku kucha, na kesho yake alikuwa akinyonya vizuri. Leo ni mzima.

Lakini mimi sikulala vyema. Juma moja kabla, mama mkubwa huyo alikuwa ameniuliza kama upasuaji huo ni salama, nami nikamjibu kwa haraka kuwa ngiri ni kazi ndogo, mtoto huingia asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Sikumwuliza swali moja muhimu: mtoto alizaliwa mimba ikiwa ya wiki ngapi? Angenijibu kwamba alizaliwa katika wiki ya 30, nami ningempa shauri tofauti.

Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mna ndugu Kitui, Mwingi, Wote au Kibwezi. Ninyi ndio mnaopigiwa simu kutafuta pesa na ushauri. Kwa hiyo yafaa mlijue jambo hili.

Kwa nini njiti hasa?

Mtoto wa kiume akiwa tumboni mwa mama, korodani zake hukaa ndani ya fumbatio. Katika miezi ya mwisho ya mimba huteremka hadi kwenye mfuko wake kupitia kinjia kilicho kwenye kinena. Baadaye kinjia hicho hufunga. Mtoto anayezaliwa mapema huja duniani kabla mlango huo haujafungwa, na sehemu ya utumbo huweza kupenya na kutokeza uvimbe, hasa anapolia au kujikamua.

Kati ya watoto waliotimiza miezi yao, wapatao ngiri ya kinena ni takribani 1 hadi 5 kwa kila 100. Kwa njiti wadogo sana, waliozaliwa na uzani wa chini ya kilo moja, idadi hiyo hukaribia 30 kwa kila 100. Wavulana huathiriwa zaidi, lakini hata wasichana huipata, na kwao huenda kinachoteleza ndani ya uvimbe kikawa ni kifuko cha mayai.

Usichanganye ngiri hii na kitovu kilichotokeza. Kitovu cha mtoto kwa kawaida hujifunga chenyewe kabla hajafika umri wa kwenda shule, na sarafu inayofungwa juu yake haisaidii kitu. Ngiri ya kinena ni nadra kujiponya. Utumbo ukinaswa humo, damu hukatika, na utumbo wenyewe au korodani huweza kufa katika muda wa saa chache. Ndiyo maana upasuaji unahitajika.

Pumzi inayosahaulika

Sehemu ya ubongo inayoongoza kupumua haijakomaa kwa mtoto njiti. Nusukaputi huizidishia usingizi, na athari hiyo huweza kujitokeza saa kadhaa baada ya mtoto kuamka na hata kunyonya. Hatari huwa kubwa zaidi ikiwa mtoto ana upungufu wa damu, hali ambayo ni ya kawaida kwa njiti katika miezi ya kwanza.

Piga hesabu hii rahisi. Chukua wiki za mimba alipozaliwa, ongeza wiki alizoishi. Mtoto wa simu ile alizaliwa katika wiki ya 30, na alikuwa ameishi wiki 9. Jumla ni 39. Madaktari wengi hupendelea kwamba njiti ambaye jumla yake haijafika 60 alazwe angalau usiku mmoja baada ya nusukaputi, akiwa amefungwa mashine ya kupima oksijeni na mapigo ya moyo. Safari ya matatu siku hiyo hiyo haimfai.

Je, ni bora kungoja? Utafiti uliofanywa katika hospitali 39 za Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2024 ulilinganisha njiti waliopasuliwa kabla ya kutoka kitengo cha watoto wachanga na wale waliongojewa hadi jumla ya wiki ipite 55. Waliopata madhara makubwa walikuwa asilimia 28 katika kundi la kwanza na asilimia 18 katika kundi la pili. Lakini angalia: kungoja huko kunamfaa mtoto ambaye ngiri yake hurudi ndani kwa urahisi, na ambaye mama yake anaweza kufika hospitalini upesi. Anayeishi Wote mjini si sawa na anayeishi ndani ya Ikutha, ambako usiku gari ni la kutafutwa. Mweleze daktari mahali mnapoishi, kwa kuwa umbali ni sehemu ya matibabu.

Madhara mengine

Uvimbe kidogo na wekundu kwenye kinena au mfuko wa korodani kwa siku chache ni jambo la kawaida. Yasiyo ya kawaida ni usaha, homa, au kidonda kufunguka. Ngiri yenyewe yaweza kurudi, na kwa njiti hurudi mara nyingi zaidi kwa sababu tishu zake ni laini kama karatasi iliyolowa. Ngiri ya pili huweza pia kutokea upande wa pili. Aidha, korodani yaweza kusinyaa kwa kukosa damu, au kupanda juu na kukwama. Kwa hiyo usiache kumrudisha mtoto kliniki hata kama kidonda kimekauka.

Uliza, usione haya

Kabla ya upasuaji, uliza maswali haya: Je, damu yake imepimwa? Ni nani atakayempa dawa ya usingizi, na amezoea watoto wadogo kiasi hiki? Je, sindano ya ganzi ya uti wa mgongo yawezekana? Atalala wapi usiku huo, na mashine ipo? Asiponyonya, ni kwa muda gani? Mtoto mchanga hafai kushindishwa njaa usiku kucha. Ikiwa majibu hayaridhishi na ngiri haijanaswa, omba apelekwe hospitali kubwa zaidi, iwe ni ya rufaa ya kaunti au Kenyatta.

Nyumbani, mnyonyeshe, mweke kifuani apate joto, na usipake majivu wala dawa za miti kwenye kidonda. Dawa ya maumivu ipimwe kwa uzani wake.

Mkimbize hospitali mara moja ukiona pumzi zinakatika, ulimi au ufizi unageuka rangi, anatapika nyongo ya kijani, anakataa kunyonya, tumbo limejaa, au uvimbe umekuwa mgumu na haurudi ndani. Usingoje kupambazuke.

Nami tangu siku ile, nikiulizwa kuhusu ngiri ya mtoto, swali langu la kwanza ni moja: alizaliwa katika wiki ya ngapi? Usipoulizwa na daktari wako, mwambie wewe.