Kutoka Nyantende hadi Bangkok: Maandalizi ya Msafiri

Msafiri wa Nyantende au wa Bukavu anayeelekea Thailand, iwe kwa biashara au kwa matibabu, huanzia kwenye cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ugonjwa unaoenezwa na mbu, kwa sababu nchi hiyo humdai cheti hicho kila atokaye Kongo, nacho hutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, ingawa tangu mwaka 2016 hudumu maisha yote. Viza yafaa iombwe mapema. Aidha, tangu Mei 2025 kila mgeni hujaza kwenye intaneti fomu ya kuingia nchini, ndani ya siku 3 kabla ya kufika, na kwa kuwa fomu hiyo ni ya bure, anayetozwa pesa kwa ajili yake ajue anaibiwa.

Dola, ambazo madukani Bukavu hupokelewa bila swali, huko hubadilishwa kwanza kuwa bahti, na noti safi za 50 na 100 hupata bei nzuri kuliko ndogo. Magari hupita kushoto, kinyume cha Kongo, hivyo mvuka barabara atazame kulia kwanza. Kalenda ya Kibudha, inayotumika hata kwenye vifungashio vya dawa, imeitangulia ya kawaida kwa miaka 543, kwa hiyo 2569 ni 2026 tu. Hekaluni viatu huvuliwa, mabega na magoti yakafunikwa. Kumtukana mfalme si utani: kifungu cha 112 cha sheria ya jinai huadhibu kosa hilo kwa kifungo cha miaka 3 hadi 15.