Mbwa Alaye Uchafu: Tumkomeshe kwa Fimbo au kwa Ufagio?

Jambo tunalolinena leo si la kupendeza, wala halifai kuzungumzwa mezani. Lakini limo katika nyumba nyingi za mji wetu wa Lubumbashi, toka Kamalondo hata Katuba na Ruashi, na kwa ajili ya haya twalifumbia macho. Mbwa wa nyumbani, alindaye lango usiku na kucheza na watoto mchana, huonekana asubuhi akila kinyesi: chake mwenyewe, cha mbwa mwenziwe, au cha mtoto mdogo aliyejisaidia nyuma ya jiko. Mama humwona, hupiga kelele. Baba hutwaa fimbo. Mbwa hulia, hukimbilia chini ya mwembe, na kesho yake hurudia yale yale. Mwisho wako wasemao, "Mbwa huyu ana laana, afukuzwe!"

Tusiseme upesi hivyo. Ni kweli, Kitabu cha Methali na barua ya pili ya Mtume Petro zamtaja mbwa arudiaye matapishi yake, ili kutuonya sisi watu tusirudie dhambi zetu. Lakini Kitabu cha Tobiti chatuonyesha pia mbwa aliyefuatana na kijana Tobia safarini, pamoja na Malaika Rafaeli. Na katika sanamu za Mtakatifu Roko, ambaye sikukuu yake ni tarehe 16 Agosti, twamwona mbwa aliyemletea mkate alipokuwa mgonjwa mwituni. Mnyama hatendi dhambi. Hufuata maumbile yake, na hula kile anachokikuta. Basi, yatupasa kuuliza: amekikuta wapi, na nani alikiacha hapo?

Kwa nini mbwa hufanya hivi?

Sababu ya kwanza ni maumbile. Mbwa jike akiisha kuzaa, hulamba watoto wake na kula kinyesi chao muda wa majuma yao ya kwanza. Kwa njia hiyo pahali pa kulala hubaki safi. Watoto wa mbwa nao huonjaonja kila kitu kwa kinywa, na wengi huiacha tabia hiyo wanapokua.

Lakini wengine hawaiachi. Mwaka 2018, Benjamin Hart na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, kule Davis nchini Marekani, walitangaza matokeo ya kuwauliza wenye mbwa karibu 3,000. Waliona kwamba mbwa 16 hivi katika kila 100 walikuwa na mazoea ya kula kinyesi cha mbwa. Hao walikuwa hasa mbwa wenye ulafi, na walitaka kinyesi kibichi, kisichozidi siku mbili. Umri wao haukuwa sababu, wala aina ya chakula chao. Wataalamu hao wanadhani kwamba ni urithi wa mbwa-mwitu wa kale, waliokiondoa kinyesi karibu na malalo yao kabla mayai ya minyoo hayajapata nguvu ya kuambukiza.

Sababu ya pili ni njaa. Mbwa wale wa Marekani walikuwa na sahani zao. Wetu wengi hungoja makombo. Kwa jirani zetu wa Zimbabwe, wataalamu James Butler na Johan du Toit walichunguza chakula cha mbwa wanaozurura vijijini, wakaandika mwaka 2002 kwamba kinyesi cha watu ni sehemu kubwa ya chakula chao, pamoja na sadza, ambayo ni kama bukari yetu, na mizoga. Usishangae. Mbwa asiyelishwa hujilisha mwenyewe, wala hachagui.

Sababu ya tatu ni ugonjwa. Mbwa mwenye minyoo mingi, au ambaye tumbo lake halisagi chakula vema, hula sana na bado hukonda. Ikiwa mbwa mzima ameanza tabia hii ghafula, naye anaharisha au anadhoofika, basi hapo dawa yake si mafundisho, ahitaji mganga.

Hatari iko wapi?

Wengine husema: "Kuna ubaya gani? Mbwa anatusaidia kufanya usafi." Tena wako wanaomwita mbwa kusudi ale kinyesi cha mtoto, ili wasichukue taabu ya kukizoa. Ndugu zangu, hapo ndipo tunapodanganyika.

Kinyesi cha mtu mwenye minyoo kina mayai madogo mno, yasiyoonekana kwa macho. Katika mashamba ya chai ya Assam, nchini India, wataalamu walipima kinyesi cha mbwa wa wafanya kazi, wakatangaza mwaka 2002 kwamba walikuta ndani yake mayai ya minyoo ya watu. Mbwa wale walikuwa wamekula kinyesi cha watu. Mayai yakapita tumboni mwao, kisha yakatoka. Kwa hiyo mbwa hakuondoa uchafu. Aliuchukua toka pahali pamoja, akautawanya pengine, ambapo mama hajui kwamba upo.

Ufikirie ua wetu wakati wa mvua, toka Novemba hata Machi. Familia tatu nne hutumia choo kimoja. Kisima hakiko mbali. Maji hupita katika ua wote na kuchukua kila kilichoachwa chini. Mtoto anayetambaa hushika udongo, kisha hutia vidole kinywani. Na mbwa yule yule, akiisha kula nyuma ya jiko, huja kumlamba usoni, na sisi twacheka kwa kuona wanavyopendana.

Mfano mwingine watoka kaskazini ya Kenya, katika nchi kavu ya Waturkana. Huko maji ni haba, na akina mama walizoea kumwachia mbwa amlambe mtoto mchanga aliyejichafua. Mbwa hao walikuwa wamepewa matumbo na maini ya mbuzi na kondoo wenye malengelenge ya mnyoo mdogo uitwao ekinokoko. Mayai ya mnyoo huo hutoka na kinyesi cha mbwa, hushika katika manyoya na mdomo wake, na yakiingia ndani ya mtu hufanya uvimbe mkubwa wenye maji, hasa katika ini. Ugonjwa huo ulienea kwa Waturkana kupita karibu nchi zote za dunia. Mwaka 1983 chama cha madaktari cha AMREF kilianza kazi ya kuuzuia huko: kuwapa mbwa dawa ya minyoo, kuwapasua wagonjwa, na kuwafundisha watu. Hawakuwalaumu akina mama. Waliwaonyesha njia ambayo hatari hupitia, wapate kuifunga.

Fimbo haifai

Sasa, tumkomesheje mbwa wetu? Wengi humpiga, au humsugua pua katika kinyesi. Hayo ni kazi bure. Mbwa hawezi kuunganisha kipigo cha sasa na tendo la saa iliyopita. Ukimkuta katika tendo lenyewe ukampiga, hujifunza neno moja tu: kula upesi zaidi, au kula mafichoni. Hata dawa ziuzwazo ng'ambo za kutiwa katika chakula cha mbwa hazikufaulu. Hart na wenzake waliuliza habari za dawa 11 za namna hiyo, nazo zilikuwa karibu hazina faida kabisa.

Basi neno moja ndilo la hakika: mbwa hawezi kula kisichokuwapo.

Mambo ya kufanya

Kwanza, uzoe kinyesi mara moja, asubuhi na jioni. Utumie beleshi au kipande cha bati, ukitupe chooni au ukifukie katika shimo refu mbali na kisima. Kazi hii yamlinda mtoto pia. Mayai ya minyoo mikubwa ya mbwa hayaambukizi siku yanapotoka; yahitaji kukaa udongoni majuma mawili au zaidi. Ufagio wa kila siku huyatangulia.

Pili, mtoto mdogo apewe chungu au kopo lake, na kinyesi chake kitupwe chooni hapo hapo. Nepi zilizochafuka zisiachwe chini. Choo kiwe na kifuniko na mlango unaofungwa.

Tatu, mbwa alishwe kwa saa zake, mara mbili kwa siku ikiwezekana, katika sahani yake mwenyewe. Bukari peke yake haimtoshi. Umchanganyie dagaa kidogo au mabaki ya samaki. Maini na mapafu yenye malengelenge yachomwe moto, asipewe kamwe.

Nne, umfundishe neno moja, "Wacha!", kwa sauti ya utulivu. Akiliacha tonge aliloonyeshwa, umpe zuri zaidi. Kisha umtoe ajisaidie ukiwa umemshika kwa kamba. Akiisha, umwite, umpe kipande cha chakula, nawe uzoe. Kazi hii ni ya majuma mengi. Mtoto mkubwa wa shule aweza kuifanya vema kupita baba mwenye hasira.

Tano, mbwa apewe dawa ya minyoo. Watoto wa mbwa huanza wakiwa na majuma mawili tu, kisha hurudiliwa kila majuma mawili mpaka waachishwe kunyonya. Katika mji wetu, Chuo Kikuu kilichofunguliwa mwaka 1956 kina Fakulte ya Uganga wa Wanyama. Wenye kusomea kazi hiyo wako kati yetu, tuwaulize. Siku hiyo hiyo tuulize pia habari za chanjo ya kichaa cha mbwa, na lango lifungwe, kwani mbwa azururaye hula uchafu wa mtaa mzima na huumwa na mbwa wasiojulikana.

Sita, tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kumshika mbwa, wala asiruhusiwe kulamba nyuso za watoto.

Wazazi wapenzi, twaona kwamba katika mambo sita haya, mengi yatuhusu sisi kuliko mbwa. Yeye ametuonyesha tu pahali tulipokosa kufagia. Mungu alipomkabidhi mtu wanyama wote, hakumpa ruhusa ya kuwatesa kwa ajili ya uvivu wake mwenyewe. Tena, roho na mwili wa mtoto anayetambaa uani ni amana kubwa kuliko haya yetu ya kulitaja jambo hili. Jumamosi hii, kabla vijana hawajaenda kwenye mazoezi ya kwaya, wapeni beleshi. Wachimbe shimo, wafunike choo, na fimbo ya mbwa itiwe motoni chini ya sufuria ya maharagwe.