Rangi Tano Zinatosha: Kufunga Mshipi wa Risasi kwa Maji ya Mwanza

Sangara hakai kina kimoja. Mvuvi wa migonzo anayetoka Igombe au Kayenze jioni analijua hilo, ndiyo maana hupanga mawe na vyelezo vyake hadi ndoano zining'inie pale anapoamini samaki atapita. Anayevua kwa fimbo na rili huku boti inatembea, uvuvi ambao watu wa pwani huuita kurambaza, ana shida hiyohiyo na nyingine juu yake: chambo chake kinavutwa, na kila kinachovutwa majini huinuka. Akifunga chubwi moja nzito ili kukishusha, chubwi hiyo inakwenda mbele ya chambo ikigonga mawe, na mawe ya Mwanza hayapo nchi kavu tu. Yaleyale yanayopamba vilima vya Capri Point yanaendelea chini ya maji.

Mshipi wenye kiini cha risasi umetengenezwa kwa ajili ya shida hiyo. Ndani kuna uzi laini wa risasi, nje umevikwa ala ya nailoni iliyosukwa, kama utambi ndani ya mshumaa. Uzito haukukusanyika mahali pamoja. Umesambaa katika urefu wote. Kwa hiyo mshipi hushuka kwa mteremko wa polepole nyuma ya boti, na chambo huogelea mwishoni kikiwa huru, bila kitu kizito kinachokiyumbisha.

Wanaouunda huipaka ala yake rangi tofauti kila baada ya yadi 10. Yadi 10 ni futi 30, ambazo ni pima 5 kamili, kwa hiyo mzee yeyote wa ziwani anayepima kamba kwa kunyoosha mikono ataelewa hesabu hii mara moja. Boti ikienda takriban kilomita 3 kwa saa, kila rangi iliyomo majini hushusha chambo kiasi cha futi 5, yaani mita 1.5 hivi. Ongeza mwendo, mshipi unapanda. Punguza, unazama. Ukipiga kona, fimbo iliyo upande wa ndani wa kona hushusha chambo chake na ya upande wa nje hukipandisha. Mara nyingi sangara hushika hapo hapo, na samaki huyo amekupa jibu la kina anachokitaka.

Maelekezo mengi utakayoyakuta yameandikwa kwa ajili ya maziwa makubwa ya Amerika Kaskazini, ambako samoni hufuata maji baridi chini sana wakati wa kiangazi. Huko mtu hujaza rili rangi 10 na kuziachia zote. Ukiyafuata vilevile hapa, utapoteza mshipi na huenda ukapoteza samaki wa maisha yako.

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini wastani wa kina chake ni mita 40 tu, na penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80. Ghuba ya Mwanza ni fupi zaidi kwa kina: hata kuelekea mdomoni pake ni mita 20 hadi 25, na kadiri unavyoingia kusini maji yanapungua. Tena kina kilichopo si chote kinachokalika. Katika miezi ya joto na mvua, tangu Septemba hivi mpaka karibu na Mei, maji ya ziwa hujigawa kwa matabaka: ya juu yenye joto hayachanganyiki na ya chini, na kule chini kwenye maji marefu hewa ya oksijeni hupungua hadi samaki mkubwa hawezi kukaa. Inapofika Juni na Julai upepo wa kusini-mashariki hulipoza ziwa na kulikoroga tangu juu hadi chini, na hapo sangara hupata nafasi ya kushuka. Anayevua Desemba kwenye maji ya mita 50 na kupeleka chambo karibu na sakafu anavua mahali pasipo na mtu nyumbani.

Kwa sababu hizo nashauri rangi 5, basi. Mita 7 na nusu za risasi, pamoja na chambo bandia chenye ulimi ambacho chenyewe huzama mita 3, zinakufikisha mita 10 hivi. Hapo unapita juu ya miamba mingi ya pembezoni mwa visiwa bila kunasa, na sangara mkubwa anayejibanza ubavuni mwa mwamba huinuka kufuata chakula. Nafasi iliyobaki kwenye rili ijazwe mshipi wa akiba, kwa kuwa samaki tunayemzungumzia si mdogo. Rekodi ya dunia ya sangara aliyenaswa kwa fimbo, aliyetolewa Ziwa Nasser kule Misri mwaka 2000, ni kilo 104. Samaki wa nusu ya uzito huo akiamua kuondoka, rangi tano zinakwisha kabla hujashika fimbo vizuri.

Sasa kazi yenyewe. Chagua rili ambayo bobini yake inazunguka yenyewe mshipi unapotoka. Zile ambazo bobini imesimama na mshipi unatoka kwa kujizungusha pembeni hazifai, kwa sababu humsokota nyoka huyu wa risasi mpaka kiini kinakatika vipande ndani ya ala, nawe usijue hadi siku anapokatika mkononi. Anza kwa kuzungusha nailoni ya kawaida mizunguko michache kwenye bobini, kisha unganisha mshipi wa akiba uliosukwa, wa nguvu ya kilo 25 hivi, mita 200 au zaidi. Mshipi uliosukwa ukifungwa moja kwa moja kwenye chuma huteleza, na rili inazunguka bure wakati samaki anavuta. Wakati wa kujaza, mwenzio aushike kwa kitambaa kilicholowa na kuukaza. Mshipi uliolegea ndani huzamisha ule wa juu, na mbio za kwanza za samaki hukwama.

Kujua akiba kiasi gani itoshee, kuna njia ya uhakika kama una rili mbili zinazolingana. Jaza moja kinyume: mshipi wa mbele, yaani ule unaokaa kati ya risasi na chambo, kwanza, kisha risasi, kisha akiba mpaka ibaki nafasi ya milimita 3 au 4 kutoka ukingoni. Halafu hamishia yote kwenye rili ya pili. Akiba inaingia chini, risasi juu yake, na ujazo ni kamili.

Kiungo cha risasi ndicho kinachowashinda wengi. Risasi haifungiki fundo; ukilazimisha, fundo linakuwa nene, halipiti kwenye pete za fimbo, na linajikata. Shika ncha ya mshipi, rudisha ala nyuma kwa vidole kama sentimita 15, uipinde risasi iliyojitokeza hadi ikatike, kisha inyooshe ala tena. Sasa una ala tupu, laini, yenye mwanya ndani. Upande wa akiba, funga ala hiyo tupu na mshipi uliosukwa kwa mafundo mawili yanayokutana, kila mshipi ukiuzunguka mwenzake, lowesha kwa maji, kaza polepole. Upande wa mbele, ingiza nailoni ndani ya mwanya mpaka iguse risasi, kisha funga fundo la kawaida juu ya vyote viwili, ala na nailoni, mara mbili. Vuta kwa nguvu zako zote ukiwa ungali nchi kavu.

Nguvu za mishipi zipangwe kwa makusudi. Tumia risasi ya kilo 20, mshipi wa mbele wa kilo 15 wenye urefu wa mita 8 au 10, halafu swiveli, halafu kipande kinene cha mita moja na nusu, cha kilo 40, kwa ajili ya mdomo wa sangara. Meno yake ni madogo lakini yanasugua kama msasa, na mfuniko wa matamvua yake una makali. Mshipi wa mbele ndio dhaifu kuliko vyote, na lazima uwe hivyo: chambo kikinasa kwenye jiwe, patakatika hapo, na risasi yako itarudi nawe. Breki ya rili ifungwe kwa kilo 4 au 5. Ipime kwa mizani ya kuning'iniza, ileile wanayopimia samaki mwaloni, kwa kuwa mkono hudanganya.

Kabla ya kuvua, fanya jaribio. Tafuta mahali penye mchanga ambapo unajua kina, endesha kwa mwendo wako wa kawaida, achia rangi moja moja hadi uhisi chambo kinagusa chini, uandike. Simu itakuonyesha mwendo, lakini kumbuka inapima mwendo juu ya dunia. Upepo wa ziwa ukianza mchana na ukaenda nao, namba ileile ya simu haina maana ileile kwa mshipi.

Kuhusu sheria, uvuvi wa burudani unahitaji leseni, na sangara aliye chini ya sentimita 50 hurudishwa. Katika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyotangazwa mwaka 1977 na ambayo ndiyo maarufu kwa uvuvi huu upande wetu, samaki huachiwa. Mpandishe taratibu, umwachie akiwa majini.

Na jambo moja nakusihi. Risasi ni sumu. Usiikate kwa meno kama tulivyozoea kukata nailoni, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na vipande vyote ulivyovivunja wakati wa kufunga mafundo viweke kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na watoto. Mshipi uliochakaa usiutupe ziwani wala mwaloni. Maji hayo ndiyo wanayochota wenzetu kupikia jioni.