Roho Mbaya kwa Maswali Kumi na Mawili

Mwaka 2002 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, Delroy Paulhus na Kevin Williams, walizipa jina moja hulka tatu ambazo kabla ya hapo zilikuwa zikichunguzwa kila moja kivyake. Ya kwanza ni majivuno ya kupindukia, ya mtu anayeamini kuwa dunia inamdai heshima. Ya pili ni hila ya kuwatumia wengine kama ngazi, inayoitwa umakiaveli kwa jina la Niccolò Machiavelli wa Italia, aliyewaandikia watawala ushauri usiopepesa macho. Ya tatu ni usaikopathi, yaani moyo baridi usiojuta, pamoja na papara ya kutenda bila kuiwaza kesho. Wakauita mkusanyiko huo Utatu wa Giza. Waliowapima hawakuwa wafungwa wala wagonjwa, walikuwa wanafunzi 245 wa chuo, na hilo ndilo la kuzingatia: hulka hizi zilichukuliwa kuwa kama urefu au uzito, kila mtu ana kiasi chake, kidogo au kingi.

Tatizo lilikuwa vipimo. Kipimo cha umakiaveli cha Richard Christie na Florence Geis kina sentensi 20, na kile cha majivuno kilichozoeleka kina jozi 40 za kuchagua. Ukiongeza cha usaikopathi, mhojiwa anakabiliwa na sentensi karibu mia, na kabla hajafika katikati ameshachoka anajaza bora liende. Ndipo mwaka 2010 Peter Jonason na Gregory Webster wakatoa dodoso la sentensi 12 tu, nne kwa kila hulka, wakalibatiza kwa utani Dazeni Chafu. Mwaka 2014 Daniel Jones na Paulhus wakaja na lao la sentensi 27. Mwaka huohuo watafiti wengine wa Marekani walionyesha kuwa majivuno yanaweza kuulizwa kwa swali moja tu, la kama mtu anajiona ni mwenye majivuno. Cha kushangaza ni kwamba wenye majivuno wengi hujibu ndiyo bila kuona aibu. Kwao hilo si kosa la kuficha.

Ufupi huo umerahisisha kazi ya watafiti, nami siubezi. Ninachokipinga ni safari ambayo madodoso haya yamesafiri baadaye, kutoka kwenye utafiti hadi kwenye simu za watu na meza za waajiri, ambako yanatumika kumhukumu mtu mmoja mmoja. Mizani ya mkaa ni mizani halali, lakini sonara hawezi kuitumia kupimia pete. Sababu yake ni ya hesabu. Kila jibu lina ukweli kidogo na bahati kidogo: mtu ameamka vibaya, neno fulani amelielewa vingine, swali la juu limemuudhi. Maswali yakiwa mengi, bahati hizo hufutana. Yakiwa machache, hubaki na kuonekana kama tabia. Charles Spearman na William Brown walitoa kanuni ya jambo hili tangu 1910. Chukua kipimo cha maswali 20 ambacho uthabiti wake ni 0.80, pale ambapo 1 ingekuwa ukamilifu. Kikate kibaki na maswali manne ya namna ileile, na kanuni hiyo inakupa takribani 0.44. Ukichunguza watu elfu mbili, kasoro hiyo inavumilika, kwa kuwa wastani wa kundi huimeza. Ukimchunguza mtu mmoja, zaidi ya nusu ya tofauti unayoiona inaweza kuwa ni bahati tu.

Watetezi watajibu kuwa Dazeni Chafu haikuporomoka hivyo, kwani majibu ya sentensi zake nne nne hukubaliana vizuri. Ni kweli, ila tazama yanakubaliana kwa nini. Sentensi nne za umakiaveli zinauliza kuhusu kudanganya, kusifia kwa unafiki, kutumia watu na kuwachezea akili, zote kwa lengo lilelile la mtu kupata anachotaka. Ukimuuliza mgeni mara nne kwa maneno tofauti kama ana njaa, majibu yake yatakubaliana sana, na bado hutajua kama ana kiu. Kwenye usaikopathi hasara ni kubwa zaidi. Sentensi zake zinagusa kutojuta, kutojali maadili na ugumu wa moyo, lakini ile papara ya kutenda ovyo, ambayo wataalamu wengi wanaiona kuwa nguzo ya hulka hiyo, haimo. Joshua Miller na wenzake walilionya hilo mwaka 2012. Dodoso la sentensi 27 ni afadhali, nadhani kwa sababu tu limejipa nafasi ya kupumua.

Pingamizi ambalo kila msomaji ameshaliwaza ni hili: mwongo atakirije uongo wake? Hapa ushahidi unawapendelea watafiti kuliko tunavyodhani. Mwaka 2013 Erin Buckels, Jones na Paulhus waliwapa watu kazi nne wachague moja: kuua wadudu kwa mashine ya kusagia kahawa, kumsaidia anayewaua, kusafisha choo, au kuvumilia maumivu ya maji ya barafu. Wadudu walipewa hata majina, na mashine ilitengenezwa kwa siri isiwadhuru. Waliokuwa wamejaza kwenye dodoso jingine, la ukatili, kwamba huona raha wengine wakiumia ndio waliojitokeza zaidi kuua. Karatasi ilikuwa imesema kweli. Lakini walijaza bila cha kupoteza. Mtu yuleyule mpe dodoso lilelile siku ya usaili wa kazi, na mwenye hila ndiye atakayekuwa wa kwanza kung'amua jibu linalotakiwa.

Wapo watakaosema kuwa kwa mwajiri kipimo dhaifu ni bora kuliko kukosa kabisa. Tukadirie kwa ukarimu. Tuseme kati ya waombaji 1,000 wapo 20 ambao kweli ni hatari, dodoso linawanasa 16 kati yao, na linakosea kwa asilimia 10 tu ya wasio na neno. Asilimia 10 ya 980 ni watu 98. Jumla ya walionaswa ni 114, na kati ya kila saba, sita ni watu wema waliokosa kazi. Dodoso halisi la maswali 12 halifikii hata ukarimu huo.

Kwetu lipo la ziada. Madodoso haya yalitungwa kwa Kiingereza na kujaribiwa zaidi kwa wanafunzi wa vyuo vya Kanada na Marekani. Jaribu kuyatia Kiswahilini uone. Neno ujanja lina sifa na lawama kwa pamoja. Watoto wanakua wakimshangilia Sungura na Abunuwasi, na anayesema mjini mipango hadhani ametangaza uovu. Mtu akikubali kwamba hutumia ujanja kupata anachotaka, amekiri hila au amejisifu kuwa na akili ya kuishi? Alama ya London na alama ya Mombasa haziwezi kuwekwa kwenye mstari mmoja mpaka mtu afanye kazi ya kuthibitisha kuwa sentensi inapima kitu kilekile pande zote mbili.

Kipimo cha usaikopathi kinachotumika zaidi magerezani na mahakamani huko ng'ambo, cha Robert Hare wa Kanada, nacho kina vipengele 20 tu, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 2. Lakini hakijazwi na mhusika. Mtaalamu aliyefunzwa humhoji kwa saa kadhaa na kusoma kumbukumbu za maisha yake, kwa sababu matendo ya miaka mingi hayafutiki kwa kalamu ya dakika tatu. Mwajiri hahitaji kumwita mtaalamu wa magereza. Awapigie simu watu watatu waliofanya kazi na mwombaji huyo, awaulize alipoondoka aliacha nini.