Kigari cha Kutembelea: Kipimwe kwa Mtu na kwa Njia

Miongoni mwetu wakulima wa karafuu wako wazee ambao magoti yamekwisha kataa kazi, na wako walioanguka mkarafuuni zamani, na nyonga haijarudi kuwa kama ilivyokuwa. Siku hizi huwajia zawadi kutoka kwa watoto walioko Maskati au Uingereza: kigari chepesi cha magurudumu manne, chenye mikono ya kushikia, breki na kiti. Zawadi ni njema. Lakini vingi twaviona vimeishia kutundikiwa kanga, kwa kuwa vililetwa bila ya kupimwa.

Chombo hiki asili yake ni Sweden. Alikibuni Bibi Aina Wifalk mwaka 1978, naye mwenyewe alipatwa na polio ujanani. Basi aliijua shida ya kutembea; ila njia za kwao si kama zetu.

Huku Pemba ni vilima na mabonde, mizizi, na udongo unaoteleza mvua inaponyesha. Magurudumu madogo hukwama mchangani, na kigari kikisimama ghafla mwenyewe huendelea mbele. Kwa hiyo mwandikieni mtoto kabla hajanunua: twataka magurudumu ya kipenyo cha sentimita 20 au zaidi, mapana, ya mpira laini. Pimeni upana wa mlango wa chumba na wa choo, mumpelekee. Cha magurudumu matatu hugeuka vizuri mahali pembamba, lakini hupinduka upesi. Kwa shamba hatukisifu. Na mtu asiyeweza kusimama ila kwa kuutupa uzito wake wote mikononi, kigari si chake, kitamkimbia. Huyo aulize fremu isiyo magurudumu, na kwanza aonwe na mtaalamu wa viungo hospitalini.

Kikishafika, mzee asimame wima, amevaa viatu vyake vya kila siku, mikono aiache ining'inie. Mshikio uwe sawa na mkunjo wa kifundo cha mkono, na akishika, kiwiko kipinde kidogo. Ukiwa juu mno mabega hupanda. Ukiwa chini mno atainama kama apaliliaye. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, nayo ndiyo tunayoisahau.

Siku za mwanzo ajizoeze uani palipo sawa, na mtu karibu naye. Atembee ndani ya kigari, miguu baina ya magurudumu ya nyuma, asikisukume mbali kama hamali na gari lake. Mteremko aushuke polepole akibana breki kidogo kidogo, wala asiende peke yake. Ngazi asijaribu. Akitaka kukaa, azifunge breki zote mbili, arudi nyuma mpaka kiti kiguse miguu, ndipo akae. Kiti hicho ni cha kupumzikia: asikikalie huku akiinama kuokota karafuu jamvini, na wajukuu wasimsukume akiwa juu yake, hata wakilia.

Breki huvutwa kwa waya kama za baiskeli, kwa hiyo fundi baiskeli wa kijijini aweza kuzikaza au kubadili waya ulioliwa na kutu. Tope na nyuzi zinazojiviringa kwenye magurudumu zitolewe kila wiki, na breki zijaribiwe kabla mzee hajatoka.