Ofisa wa Daftari na Maporomoko ya Waso

Nilikuwa Isiolo kwa arusi ya mtoto wa rafiki yangu. Baada ya sala ya alasiri tuliketi kwenye benchi mbele ya duka, chai ya maziwa ya ngamia mikononi, nami nikaikunjua ramani niliyokuwa nayo mfukoni. Kidole changu kikaufuata mto Ewaso Ng'iro, ambao wenyeji huuita Waso tu, mpaka kikakwama penye jina geni: Maporomoko ya Chanler.

Nikamwuliza mzee wa Kisomali aliyekaa karibu nami, mtu ambaye babu yake alikuwa askari wa Mwingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza na kisha akapewa makazi hapa Isiolo pamoja na wenziwe.

"Mzee wangu, huyu Chanler ndiye nani?"

"Ustadh," akanijibu, "maji yale nimeyanywa tangu utotoni, na ng'ombe wa baba yangu wameyanywa. Mtu wa jina hilo sikumwona wala sikumsikia. Alichimba kisima?"

Waliokuwapo wakacheka. Hakuchimba kisima. Lakini swali la mzee lilinikaa moyoni, na niliporudi nyumbani nilimtafuta mtu huyo vitabuni. Kumbe, msomaji, kisa chake kilianzia mlangoni petu.

William Astor Chanler alikuwa Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1867 katika ukoo wa akina Astor, matajiri wakubwa wa New York. Alisoma Harvard, akauacha masomo kabla ya kumaliza, akaja Afrika ya Mashariki akiwa bado kijana. Safari yake kubwa ilikuwa ya pili. Mwezi wa Septemba 1892, akiwa na miaka ishirini na mitano tu, aliondoka upande wa Lamu pamoja na Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini la Austria, ambaye miaka michache nyuma alikuwa amefika na Count Teleki kwenye ziwa ambalo leo twaliita Turkana. Nyuma yao walifuata wapagazi zaidi ya mia, askari wa Kisudani na Wasomali, na wanyama wa mizigo.

Walipanda na mto Tana, wakakata kwenda kaskazini mpaka Waso, kisha wakateremka na maji. Ndipo walipoyakuta maporomoko hayo. Waliendelea hadi Lorian, mahali ambapo Wazungu walidhani pana ziwa kubwa, nao wakakuta kinamasi. Mwaka 1893 waliwafikia Warendile na ngamia wao. Tohe wa milimani wa nchi zetu hizi naye ana jina la Chanler katika vitabu vya wataalamu wa wanyama mpaka leo.

Kisha mambo yakaharibika. Mwezi wa Agosti 1893 kifaru alimpiga von Höhnel pembe, ikawa ni kubebwa na watu mwendo wa siku nyingi. Wanyama wa mizigo walikufa. Wapagazi wengi wakachoka, wakamwacha bwana wao bara, wakarudi pwani. Chanler naye alifika Mombasa mwanzoni mwa mwaka 1894. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1896 alilalamika sana kwamba serikali ya Zanzibar, aliyokuwa akiiendesha Jenerali Lloyd Mathews kwa niaba ya Sultani, iliwapendelea wapagazi. Maneno ya bwana tunayo, yamepigwa chapa. Maneno ya wapagazi, waliosikizwa na serikali hiyo, hatunayo.

Miaka minne baadaye ndipo lilipokuja lile ninalotaka msomaji alizingatie. Mwaka 1898 Marekani ilipigana na Hispania huko Cuba. Chanler akaingia jeshini, akapewa ukapteni na kazi ya msaidizi wa ajutanti mkuu. Ajutanti ndiye mwenye makaratasi ya jeshi: amri zipitie kwake, orodha za majina ziwe kwake, nani yupo, nani mgonjwa, nani amekufa. Aliwekwa pia kuangalia zana katika kikosi cha wapanda farasi. Vita vilipokwisha alichaguliwa kuingia Bunge la Marekani, akakaa tangu 1899 hadi 1901. Alifariki Ufaransa mwaka 1934.

Jina la askari katika daftari si jambo dogo. Askari wa Marekani akifa, mjane wake hulitegemea daftari hilo apate malipo yake. Sisi tuliosoma chuoni twalijua jambo hili kwa mlango mwingine: mlango wa mafqudi, mtu aliyepotea asijulikane yu hai au maiti. Nyanya yangu alikuwa akitusimulia habari za jamaa yake wa kike ambaye mumewe alikwenda bara na msafara, asirudi. Hakukaa eda, maana hakuna aliyeshuhudia kifo. Hakuolewa, maana hakuna aliyeleta talaka. Alikwenda kwa kadhi akaulizwa mashahidi, naye mashahidi hana. Alizeeka akiukodolea macho mlango. Sidai kwamba mume huyo alikuwa katika msafara wa Chanler. Misafara ilikuwa mingi. Nasema tu kwamba mstari mmoja wa wino ungemfungua mwanamke yule.

Nao wino ulikuwapo. Wapagazi wa Unguja waliandikwa kwa mkataba, wakapewa arubuni kabla ya kuondoka. Majina yao yaliandikwa ili fedha isipotee. Lakini ilipofika zamu ya kuandika kitabu na kuchora ramani, wachache tu wakatajwa, na maporomoko yakapewa jina la mtu mmoja.

Sisemi jina la Chanler lifutwe. Alifika, aliteseka, na yeye na mwenziwe walipima nchi kwa uangalifu. Nasema kwamba Isiolo ya leo ina kaunti yake, ina shule na walimu wake. Watoto wa huko wakifundishwa jina lile, wafundishwe pia kwamba mizigo ilibebwa na vichwa vya watu wa Unguja na Mrima, na kwamba kabla ya hao wote wenyeji walikuwa wakinywesha mifugo yao hapo.

Jina la aliyepita, ramanini limebaki,
Na waliomfuata, majina hayasomeki,
Jasho jingi wametota, kwa jua na kwa mikiki,
Mto wenyewe wapita, majina hauyataki.