Ndege wa Bustanini: Dume ni Yupi na Jike ni Yupi?

Kila mfuga kuku hapa kisiwani amjua jogoo wake na amjua koo wake. Upanga mkubwa kichwani, manyoya ya kumeta shingoni, mkia wa kupinda na kipi mguuni, hayo yote ni ya jogoo. Koo yu mtulivu wa rangi, naye ndiye alaliaye mayai. Mtu hawezi kuja akakwambia kwamba jogoo ni ndege wa kabila moja na koo ni wa kabila jingine, nawe ukamsadiki.

Lakini tukitoka uani tukaingia bustanini, wengi wetu hukosea kosa hilo hilo kila siku. Twamwona ndege wa manjano akining'inia kwenye mnazi, na chini yake mwingine wa rangi ya vumbi, twasema hao ni ndege wawili mbalimbali. Kumbe ni mume na mke wa nyumba moja. Kosa hili huonekana dogo, lakini mkulima asiyejua dume na jike aweza kumwua rafiki yake akidhani ni adui, na adui mwenyewe akampita machoni asimtambue.

Makala haya yataeleza habari za ndege hao kwa kufuata bustani za Mikese. Mikese ni mji mdogo wa stesheni katika Reli ya Kati, mashariki ya mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, milima ile ina wakulima wa karafuu kama sisi, pande za Mkuyuni, Kinole na Matombo. Pili, ndege wa bustani za kule wengi wao ni jamaa wa ndege wetu, na zaidi ya hao yuko mmoja ambaye wenzetu wa bara wamjua kwa machozi, naye ni kwelea kwelea. Majina ya ndege hubadilika mji kwa mji, kwa hiyo kila jina tutalifuatisha na sura ya ndege mwenyewe.

Mnana, fundi na mkaguzi

Mnana ajulikanaye zaidi ni yule mkubwa mwenye kichwa cheusi, jicho jekundu na mwili wa manjano. Huyo ni dume, tena dume wa wakati wa kuzaa. Jike wake hana kichwa cheusi. Mgongo wake ni wa rangi ya vumbi iliyochanganyika na kijani, na tumbo lake limepauka.

Atazamaye kazi yao hawezi kuwakosea. Dume ndiye fundi. Huchana majani ya mnazi, mgomba au muhindi yakawa nyuzi, akafuma kiota chenye mlango chini. Kikiisha, hujitundika chini yake akapigapiga mbawa na kupiga kelele, kuwaita majike waje wakague. Jike huingia, akavutavuta nyuzi kuona kama zimekaza. Akiridhika hukaa, akatandika ndani majani laini na manyoya. Asiporidhika huenda zake, na kiota kikikaa bila mpangaji mpaka kikakauka, dume hukibomoa mwenyewe akaanza kingine.

Kwa hiyo mtu akiona mnazi wenye viota vingi asihesabu kila kiota kuwa ni familia. Vingi huwa vitupu. Mnana huharibu makuti, na punje hula, hayo hatuyafichi. Lakini makinda yake huwalisha wadudu pia, nao hao hutoka katika mashamba yetu.

Chozi, wale wenye mdomo kama sindano iliyopinda

Chozi twamjua sote, ndege mdogo anyonyaye maji matamu ya maua. Katika bustani za Mikese wako wa namna kadhaa. Mmoja ni mweusi kama makaa, mwenye kifua chekundu cha kuwaka. Huyo ni dume. Jike wake ni wa kahawia iliyokolea, mwenye madoadoa kifuani na tumboni, wala hana hata alama ya wekundu. Mwingine ni mdogo zaidi. Dume wake ana mgongo na koo la kijani cha kumeta, chini ya koo mstari wa zambarau, kisha tumbo la manjano. Jike wake ana mgongo ule ule wa kijani, lakini manjano yake huanzia kooni yakashuka mpaka tumboni bila kukatizwa.

Hapa pana fundisho la kwanza: ukitaka kujua kama ndege wawili ni wa kabila moja, rangi uiache nyuma, utazame mdomo, umbo na mwendo. Mdomo wa chozi jike umepinda vile vile kama wa mumewe, nao huenda kwenye maua yale yale. Naye kwa kawaida ndiye ajengaye kiota, kile kifuko cha majani makavu na utando wa buibui kinachoning'inia penye tawi, na watu wengi hudhani ni takataka zilizonaswa.

Wanachama wa Pemba wana sababu ya kumwangalia chozi kwa heshima, maana wanaye wa kwao, aliyeandikwa katika vitabu vya wataalamu mwaka 1905 kwa jina la kisiwa. Dume wake ni mweusi wenye kumeta kijani, na jike ni wa kijivu juu na weupe wa manjano chini. Uluguru nako kuna chozi wa misitu ya milimani asiyepatikana pengine popote duniani, aliyeandikwa mwaka 1922 kwa jina la Loveridge. Ndege wa namna hii wakiisha mahali pao, hapana pa kwenda kuwatafuta tena.

Wale wa rangi ya vumbi

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Katika mashamba ya mpunga na mtama huonekana makundi ya ndege wadogo wa kahawia wenye michirizi, wote kama mapacha. Mwenye shamba aketiye juu ya dungu kuamia ndege husema mara moja, "Kwelea kwelea hao!" Mara nyingine husema kweli, na mara nyingine sivyo.

Kweche dume, wakati wa mvua, ni mwekundu mwenye weusi, hapana asiyemwona. Jike wake ni wa kahawia mwenye michirizi. Na mvua zikiisha, dume mwenyewe huvua nguo zake za harusi akafanana na jike. Fumbwe naye ni hivyo hivyo: dume ni mweusi na mweupe, mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake, na jike ni wa kahawia tu. Fumbwe jike hajengi kiota. Hutaga katika viota vya ndege wengine wadogo, wakamlelea.

Kwelea kwelea dume wakati wa kuzaa ana mdomo mwekundu na uso mweusi kama aliyejifunika kitambaa, na pengine wekundu kidogo kuuzunguka uso huo. Jike hana uso mweusi. Na hapa ndipo penye alama iliyo bora kuliko zote: siku zisizo za kuzaa, mdomo wa dume na wa jike wote ni mwekundu, lakini jike akiwa katika kuzaa, mdomo wake hugeuka manjano.

Basi tazameni midomo. Kweche jike ana mdomo wa rangi ya pembe, si mwekundu. Fumbwe aweza kuwa na mdomo mwekundu, lakini kichwani ana mistari myeusi iliyo wazi, naye huonekana mmoja au wachache. Kundi kubwa lirukalo kama wingu la moshi, lenye midomo myekundu, ni la kwelea kwelea. Na katika kundi hilo mkiona madume wenye nyuso nyeusi na majike wenye midomo ya manjano, jueni kwamba wanataga karibu, katika vichaka vya miiba.

Kwa nini jambo hili ni kubwa? Kwelea mmoja hula punje za gramu 10 hivi kwa siku. Hicho si kitu. Lakini kundi la ndege 100,000, ambalo kwa kwelea ni dogo, hula tani moja kila siku ipitayo. Mayai yao hualikwa kwa siku 10 mpaka 12, na majuma machache baadaye makinda nao wako mashambani pamoja na wazazi wao. Mkulima aliyeona mdomo wa manjano leo akaenda kwa bwana shamba leo hii, amewapa wahusika nafasi ya kuwakuta ndege mahali pamoja. Aliyengoja mpaka mtama ukaisha amechelewa.

Upande wa pili, sumu inayopigwa kwa kwelea haichagui. Humwua mnana, kweche, na hata mwewe aliyekula mzoga. Kumwitia sumu kweche kwa kumdhani kwelea ni kutia hasara juu ya hasara. Kweche huamiwa kwa kelele na kombeo, yatosha.

Wanaofanana, na wanaokwenda kinyume

Si ndege wote wana tofauti ya rangi. Shore, tetere na kunguru, dume na jike wamefanana hata mtaalamu hawezi kuwapambanua kwa macho tu. Tetere dume na jike hupokezana kulalia mayai. Na shomoro wa nyumbani, anayeitwa pia jurawa, dume ana weusi kooni na jike hana.

Sababu yake, kwa jumla, ni kazi. Ndege ambaye dume wake hujionyesha ili apendwe, naye jike hukaa peke yake juu ya mayai, dume huvaa rangi na jike hujificha kwa rangi ya vumbi asionwe na nyoka na mwewe. Ushahidi umo katika majaruba ya mpunga, ambamo huishi ndege mmoja wa topeni mwenye mdomo mrefu ambaye kwake jike ndiye mwenye rangi nzuri, na dume, aliyepauka, ndiye alaliaye mayai. Kazi ilipogeuzwa, nguo nazo ziligeuzwa.

Na juu ya Mikese, katika misitu ya Uluguru, yuko hondohondo mkubwa mweusi na mweupe. Dume ana pembe kubwa ya rangi ya maziwa juu ya mdomo, na jike ana ndogo. Wakati wa kuzaa jike huingia katika pango la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ikabaki nafasi nyembamba tu. Dume humlisha kwa nafasi hiyo, yeye na kinda, kwa zaidi ya miezi mitatu. Amwuaye ndege yule mwenye pembe kubwa wakati huo hajaua ndege mmoja; amewafungia wengine ndani bila chakula.

La kufanya

Mwanachama apendaye kujifunza hahitaji chombo chochote. Asubuhi, kabla jua halijakali, aketi mahali pamoja bustanini kwa nusu saa. Atazame kwanza mdomo, kisha umbo, kisha kazi: nani aimba, nani achukua majani, nani aingia kiotani. Rangi iwe ya mwisho. Akumbuke kwamba dume kijana hufanana na mama yake, na kwamba baadhi ya madume hubadili manyoya mvua zikiisha.

Na watoto wetu, wenye manati na ulimbo, tuwafundishe hayo hayo. Mtoto aliyejua kwamba yule ndege asiye na rangi ni mama wa makinda yaliyo kwenye mkungu wa ndizi, mara nyingi manati huirudisha mfukoni mwenyewe.